Sumu inayokuja na upepo: namna mataifa yalivyojifunza kuchunga maziwa yao

BENI – Samaki wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanafika sokoni Butembo na Beni kila juma, na familia nyingi zilizokimbia vita zinawategemea kwa sababu nyama ni ghali. Watu wanauliza kama samaki ni mbichi. Ni wachache wanaouliza juu ya mvua iliyoanguka katika Ziwa Edouard.

Wazo kwamba hewa inaweza kuchafua ziwa lilithibitika mbali sana na hapa. Kati ya Marekani na Kanada kuna Ziwa Superior, na ndani yake kisiwa kinachoitwa Isle Royale, hifadhi isiyo na kiwanda wala shamba. Kisiwani humo kuna ziwa dogo, Siskiwit, lililo juu kuliko lile kubwa, na maji hayapandi mlima. Hata hivyo watafiti walipopima samaki wake walikuta PCB, ambayo ni mafuta ya viwandani, na toksafini, dawa ya wadudu iliyopuliziwa pamba huko kusini mwa Marekani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Njia ilibaki moja tu, nayo ni anga.

Nchi hizo mbili zilikuwa zimekwisha kutia sahihi mapatano ya kulinda maziwa yao mwaka 1972, lakini macho yalikuwa kwenye mabomba na mito. Mwaka 1987 ziliongeza sehemu inayohusu sumu za hewani. Mwaka 1990 zikaanzisha mtandao wa pamoja wa vituo vya kupima hewa na mvua, angalau kituo kikuu kimoja kwa kila ziwa kubwa. Kila upande unapima kwake, halafu hesabu zinawekwa pamoja. Kazi yenyewe ni ya kuchosha: kubadilisha vichujio, kukusanya maji ya mvua, kurudia miaka na miaka. Lakini bila hiyo hakuna ambaye angeweza kuonyesha kwamba hewa ya mji kama Chicago ina PCB nyingi kupita ile ya vijijini, na kwamba sumu hiyo inapungua polepole mno hata baada ya kukatazwa.

Kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya, Tanzania na Uganda zilipatana mwaka 1994 kusimamia mazingira ya Ziwa Victoria kwa pamoja. Vipimo vya miaka iliyofuata vilishangaza wengi: fosforasi inayolisha magugu na uchafu wa kijani ilikuwa ikiingia zaidi kwa mvua na vumbi kuliko kwa mito. Moshi wa kuchoma mashamba na udongo unaopeperushwa vilihesabiwa kati ya visababishi.

Ziwa Edouard nalo lina nchi mbili, sehemu kubwa ikiwa upande wa Kongo. Kwamba uchafu haujui mpaka, Kilembe ilionyesha zamani: mgodi huo wa shaba nchini Uganda ulifungwa mwaka 1982, lakini mabaki yake yameendelea kusukumwa na mto Nyamwamba hadi Ziwa George, ambalo maji yake yanapita mfereji wa Kazinga na kuingia Edouard. Kongo na Uganda zimeshirikiana katika mradi wa LEAF, chini ya Mpango wa Bonde la Nile, na mwaka 2018 zikatia sahihi mapatano ya uvuvi. Hapo mazungumzo yanahusu zaidi nyavu, idadi ya mitumbwi na samaki wachanga. Ni mambo ya lazima, hasa kwa wavuvi wanaokamatwa ng'ambo.

Upande wa hewa, jambo la karibu zaidi na sisi ni zebaki. Mchimbaji anaichanganya na mchanga, inashika dhahabu, kisha donge linachomwa motoni na zebaki inapanda kama mvuke. Hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote ambayo binadamu wanatupa hewani. Sehemu inaanguka karibu, nyingine inasafiri mbali. Ikifika majini, vijidudu vinaigeuza kuwa aina inayoingia katika nyama ya samaki, na samaki mkubwa anayekula wenzake anabeba zaidi. Anayedhurika kwanza ni mtoto aliye tumboni, kwenye ubongo.

Kuna chombo chenye mfuniko na bomba kinachorudisha mvuke huo kuwa zebaki tena, na mchimbaji anaitumia mara ya pili.