Muziki wa Ubongo Kids

Muziki wa Ubongo Kids ni nyimbo na ala zinazotungwa kwa ajili ya Ubongo Kids, kipindi cha katuni cha elimu kutoka Tanzania. Kipindi hicho hutengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 2013, na kilianza kurushwa na televisheni ya TBC1 mwaka 2014.

Katika katuni za Japani (anime), wimbo wa ufunguzi huchukua takriban dakika moja na nusu na mara nyingi huuzwa pia peke yake. Katika Ubongo Kids wimbo ni sehemu ya somo: hurudia jambo la hisabati au sayansi lililoelezwa katika hadithi, ili mtoto alikumbuke.

Kwa kawaida wimbo wa katuni hurekodiwa kabla ya picha kukamilika, ili midomo ya wahusika ifuate maneno. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mapigo yasipoufuata, neno husikika vibaya na somo hupotea. Kwa hiyo wimbo ukihamishiwa Kiingereza au Kifaransa, maneno yake hupaswa kutungwa upya.