Kipimo cha kipande cha ngozi
Njia ya kuhesabu vibuu vya minyoo ya usubi (Onchocerca volvulus) ndani ya ngozi. Katika wilaya za Rungwe na Kyela, Tanzania, ugonjwa wa usubi huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji ya kasi, kama ya mto Kiwira kabla haujatulia tambarare na kuingia Ziwa Nyasa karibu na Itungi. Mpimaji hunyofoa vipande viwili vyembamba juu ya nyonga, kulia na kushoto, bila kutoa damu. Huviloweka katika maji ya chumvi hadi saa 24, kisha huhesabu vibuu kwa hadubini. Maambukizi hafifu huponyoka, na nani hupenda kukatwa kila mara? Dawa ya ivamektini huua vibuu, si minyoo mikubwa inayovizaa. Minyoo hiyo huishi miaka 10 hadi 15, hivyo hesabu iliyoshuka huweza kupanda tena.