Baada ya King'ora

Mtaani kwetu tuliwahi kuwa na timu. Iliuawa na deni la jezi. Mweka hazina nilikuwa mimi, na siku mwenye duka alipokuja na daftari lake, nilitokea mlango wa uani. Ndiyo maana habari za Jim Stynes zimenikaa rohoni.

Huyu bwana alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1966. Mwaka 1984, akiwa na miaka 18 tu, klabu ya Melbourne ilimchukua akajifunze kandanda ya Kiaustralia. Mpira wake una umbo la yai, unadakwa kwa mikono na kupigwa teke, na bao moja ni pointi 6. Kwao alizoea mpira wa duara. Basi akaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Septemba 1987, Melbourne iliongoza kwa pointi 4 dhidi ya Hawthorn, fainali ikinukia. Mwishoni kabisa Hawthorn wakapata mpira wa adhabu. Stynes akakatiza mbele ya mpigaji, jambo lililokatazwa. Mwamuzi akausogeza mpira mita 15. King'ora kikalia, Gary Buckenara akapiga. Bao! Fainali ikayeyuka.

Ningekuwa naandika riwaya, hapo ningemrudisha kwao na aibu yake. Kumbe alibaki. Mwaka 1991 akatwaa Medali ya Brownlow, ambayo waamuzi humpigia kura mchezaji bora na mwungwana. Akacheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, akastaafu 1998.

Mwaka 2008 klabu ilikuwa na deni la takriban dola milioni 5 za Australia. Akakubali uenyekiti. Akawaendea mashabiki, akawaomba wachangie. Mwaka 2009 akagundulika ana saratani. Aliendelea na kazi. Agosti 2010 deni likaisha. Uwanjani mambo yalikuwa bado mabaya: Julai 2011 walifungwa na Geelong kwa tofauti ya pointi 186! Alifariki 20 Machi 2012, akiwa na miaka 45. Ubingwa ulikuja 2021, wa kwanza tangu 1964. Hakuuona.

Nimeichana riwaya yangu ya shujaa asiyekosea. Naanza nyingine, ya mweka hazina. Na juzi nilikwenda dukani kwa yule mzee. Nimelipa kidogo, kilichobaki kimeandikwa kwa jina langu.