Sikio la Bikizee: Namna Masala Kulangwa Anavyokua

Kagongwa leo inajulikana kwa mchele. Mji huu mdogo wa wilayani Kahama, kwenye barabara ya kutoka Isaka, una mashine za kukoboa mpunga, na nyuma ya mashine hizo hulundikana pumba hadi kufika kimo cha mtu na zaidi. Hadithi mashuhuri ya Wasukuma kuhusu kijana shujaa inaanzia ndani ya lundo kama hilo. Zimwi Shing'weng'we lilipomeza watu wote na mifugo yao, lilimkosa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, ambaye alikua, akalisaka zimwi, akaliua na kulipasua, na watu wakatoka wakiwa hai, baba yake akiwamo. Hadithi nyingi zingeishia hapo. Hii inaendelea: kisu kilichopasua zimwi kilikata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Bikizee akakasirika, akamtukana aliyemwokoa, akataka kumroga. Masala alilindwa na rafiki zake, dawa ikatafutwa, bikizee akapona. Ndipo watu wakamsimika Masala kuwa mtemi, na mama yake akatukuzwa pamoja naye. Hoja yangu ni kwamba kijana huyu anakuwa mtu mzima pale kwenye sikio, na kwamba yaliyoupata ukanda huu wa Kahama tangu karne ya 19 yanaonyesha kwa nini kipande hicho hakipaswi kuachwa.

Utoto wake nao una elimu yake. Masala anapouliza mbona wako wawili tu, mama anamweleza ukweli wote. Tangu siku hiyo kijana anaingia porini. Anaua panzi, anarudi akiimba kwamba ameliua zimwi mlimani. Mama anamwambia huyo ni panzi tu, wamchome wamle. Siku nyingine analeta ndege, siku nyingine paa, kisha mnyama mkubwa zaidi, na kila mara wimbo ni ule ule na jibu ni lile lile. Mama hamcheki mwanawe, wala hamkatazi kurudi porini. Anamsahihisha kwa upole, na kosa la mchana linakuwa kitoweo cha jioni. Kwa kufanya hivyo anamlea mtu anayeweza kuambiwa amekosea bila kuvunjika moyo wala kukasirika, na hiyo ndiyo tabia atakayoihitaji siku bikizee atakapomwonyesha sikio linalovuja damu.

Ngazi hii ya mawindo si mali ya Wasukuma peke yao. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu huko Zanzibar baadaye, alichapisha London hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja. Katika mojawapo, ile ya Sultani Majnuni, mna Nunda, paka aliyeachiwa akala kuku, akala mbuzi, mwishowe akala watu. Mwana mdogo wa sultani anatoka kumwinda, naye analeta nyumbani mnyama mmoja baada ya mwingine, mama akimwambia kila mara kwamba huyo siye. Si ajabu kama masimulizi hayo yalisafiri pamoja na misafara, maana wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani kwa maelfu katika karne hiyo, na safari ya miezi kadhaa ina usiku mwingi wa kusimuliana. Lakini tazama miisho. Mwana wa sultani anamuua Nunda, anashangiliwa, na kiti cha baba yake kinamfikia. Hadaiwi na mtu. Walioliwa na Nunda hawarudi, kwa hiyo hakuna wa kumlalamikia. Huku bara waliomezwa wanarudi, na mmoja wao ana kidonda.

Msomaji wa riwaya za bunilizi ya kisayansi atakuwa amekutana na kidonda hicho mahali pengine. Katika Ender's Game, riwaya ya Mmarekani Orson Scott Card iliyotoka mwaka 1985, mtoto Ender Wiggin anachukuliwa na jeshi akiwa na miaka sita, anafunzwa vita angani, na mwishowe anaangamiza jamii nzima ya viumbe wa sayari nyingine akidhani bado yuko kwenye mazoezi. Makamanda wake wanashangilia; yeye anabaki na mzigo. Kitabu cha pili, Speaker for the Dead cha mwaka 1986, kinamkuta akiwa mtu mzima anayezunguka kati ya nyota, amembeba malkia wa mwisho wa viumbe wale ndani ya kifukofuko, akitafuta sayari ya kumpa ili kizazi chake kianze upya. Card ameeleza mwenyewe kwamba aliipanua Ender's Game kutoka hadithi fupi ya mwaka 1977 ili imwandalie njia ya kuandika kitabu hicho cha pili. Kwake ushindi wa mtoto ulikuwa utangulizi, na kisa chenyewe ni namna mshindi anavyolipa. Nina heshima kubwa kwa mfululizo ule, lakini Masala Kulangwa anafika huko huko kwa usiku mmoja wa hadithi.

Mtu anaweza kupinga kwamba ulinganisho huu haulingani. Riwaya zinamfuata Ender kwa kurasa mamia, tunaingia moyoni mwake, tunaona anavyobadilika mwaka hadi mwaka. Masala hana moyo tunaoweza kuuchungulia, ana vitendo tu. Ni kweli, na pingamizi hili lingetosha kama hadithi ya mdomo ingesikilizwa mara moja tu. Lakini haisikilizwi hivyo. Kwenye shikome, moto wa jioni ambapo wazee wa Kisukuma walikaa na vijana, hadithi ile ile ilirudiwa kwa miaka. Mtoto mdogo aliifurahia kwa panzi na kwa wimbo. Alipoanza kuchunga ng'ombe peke yake aliisikiliza kwa ajili ya zimwi. Alipofikia umri wa kuoa na kuitwa kwenye kazi za pamoja za vijana, sikio la bikizee lilianza kumhusu, kwa sababu sasa naye alikuwa na nguvu za kuumiza mtu. Mfululizo wa vitabu unamkuza shujaa mbele ya macho ya msomaji. Shikome ilimwacha shujaa alivyo, ikamkuza msikilizaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba sikio ni kichekesho cha mwishoni, pambo la msimulizi aliyetaka watu waende kulala wakicheka. Jibu liko kusini, Lesotho. Katikati ya karne ya 19 mmisionari Mfaransa Eugène Casalis alichapisha hadithi ya Basotho ya zimwi Kammapa lililomeza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja, na mwanawe Litaolane aliyeliua. Anapoanza kulipasua tumbo, sauti zinalia kutoka ndani kwamba kisu kinawachoma. Watu wanatoka, wanamtawaza, kisha baadhi yao wanaanza kumchukia, na mwishowe wanamuua. Mwaka 1952 S. M. Mofokeng aliitengenezea hadithi hiyo tamthilia, Senkatana, na hapo pia uchungu wote uko kwa watu wanaomgeukia mkombozi wao. Kati ya Kahama na milima ya Lesotho kuna zaidi ya kilomita 2,500, ila kisu na manung'uniko vipo kote kuwili. Pambo la msimulizi mmoja haliendi mbali hivyo. Kinachobadilika ni jibu. Litaolane anajiacha auawe. Masala anajilinda, halafu anamtibu anayemwandama. Naona jibu la Wasukuma ni gumu kulitekeleza kuliko lile la Basotho, na linafaa zaidi kwa watu wanaopaswa kuendelea kuishi pamoja.

Na kuishi pamoja baada ya kumezwa halikuwa jambo la kufikirika tu katika ukanda huu. Katikati ya karne ya 19 Watuta, tawi la Wangoni waliotoka kusini mwa bara, walifika na kuweka makazi upande wa Runzewe, wakiteka vijana na mifugo. Kisha Mirambo, aliyezaliwa karibu na mwaka 1840, akajenga dola yake kutoka Urambo kwa jeshi la rugaruga, vijana ambao wengi wao walikuwa mateka, watoro na watu waliopotezana na koo zao. Hadi alipokufa Desemba 1884, vita vyake na vya wapinzani wake vilivuruga njia za misafara kutoka Tabora kwenda Ziwa Tanganyika na Karagwe. Kijiji kilichompokea mtu aliyerudi kutoka utekwani kilimpokea na makovu yake, na mara nyingine aliyemrudisha ndiye aliyekuwa amemjeruhi. Hadithi inayosema kwamba aliyeokolewa ana haki ya kulalamika ilikuwa na kazi ya kufanya hapa.

Kazi hiyo ilirudi kwa nguvu karne moja baadaye. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa janga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpakani mwa wilaya za Kahama na Nzega, wanavijiji walianzisha Sungusungu. Walikuwa na pinde na mishale, viongozi wao wenyewe, na mwano, ukelele wa hatari unaopokezanwa kutoka kijiji hadi kijiji mpaka mwizi anakosa pa kukimbilia. Ng'ombe walirudishwa, barabara zikapitika usiku, na serikali iliyokuwa imewatilia shaka ikaja kuwakubali. Hayo ni ya kuheshimiwa. Lakini mikono ile ile iligeukia pia wanawake wazee walioshukiwa uchawi: wakasusiwa, wakafukuzwa makwao, na wako waliouawa. Tayari ukanda mzima ulikuwa unaua vikongwe kwa tuhuma hizo. Takwimu za serikali za Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984 zilihesabu zaidi ya watu 3,000 waliouawa kwa sababu za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani.

Hapa mpinzani atasema kwamba hadithi yenyewe ina lawama: si ndiyo inayomchora bikizee kama mchawi? Nadhani inasema kinyume. Hadithi haikatai kwamba ameazimia mabaya. Inamwacha Masala azungukwe na marafiki wanaomlinda. Lakini inaeleza pia chanzo cha chuki yake, na chanzo ni jeraha halisi lililotoka mkononi mwa shujaa. Masala angeweza kumuua bikizee na kushangiliwa mara ya pili. Anamtafutia dawa. Kijana wa Sungusungu aliyekuwa na mshale mbele ya nyumba ya kikongwe aliyeshukiwa kwa macho yake mekundu, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, alikuwa na mfano wa namna nyingine ya kutenda ndani ya hadithi ya kwao.

Kwa miongo kadhaa sasa Masala amepewa maana mpya. Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz, waliofanya kazi kwa miaka mingi nchini Tanzania, waliiweka hadithi hii katika kitabu chao cha 1996, Towards an African Narrative Theology, wakimsoma Masala kama sura ya Kristo mkombozi. Bikizee walimhifadhi, na nawashukuru kwa hilo. Lakini mkombozi asiye na dhambi hana kisu kinachokosea, kwa hiyo katika usomaji huo sikio linabaki bila mahali pake. Ni rahisi pia kulisoma zimwi kama ukoloni, au, kwa wachimbaji wadogo walioondolewa kwenye machimbo ya Bulyanhulu mwaka 1996, kama kampuni ya dhahabu. Usomaji huo una haki yake, ila unamtazama mmezaji tu, na mwokozi haulizwi kitu. Mwalimu anayewasimulia watoto wa Kahama hadithi hii aufuate mpangilio wake wa matukio: zimwi linakufa, sikio linakatwa, bikizee anatibiwa, na baada ya hapo, si kabla, kijana anakalia kiti cha utemi.