Daraja Lililoitikia Ndiyo

Chukulia gesti yenye vyumba vinne, na katika kila chumba kuna tundu la waya wa mtandao ukutani. Waya zote zinaishia kwenye kisanduku kimoja mapokezini, na kisanduku hicho kinatumia Linux. Mwenye gesti anataka kila mgeni afike intaneti, lakini mgeni wa chumba cha kwanza asiweze kuifikia kompyuta ya mgeni wa chumba cha pili. Tangu mwaka 2018 kerneli ya Linux ina alama ya kazi hiyo: milango miwili ikiwekewa alama ya kutengwa, haipitishiani chochote. Fundi anaandika amri, na hakuna kosa linalotokea. Akiuliza hali ya mlango, anajibiwa kwamba umetengwa. Kwa takriban miaka minne, ikiwa ndani ya kisanduku mlikuwa na chipu ya swichi, jibu hilo lingeweza kuwa si kweli hata kidogo.

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ili kuelewa uongo huo ulipitia wapi, inabidi turudi nyuma hadi siku ambazo daraja lilikuwa kitu kimoja tu.

Daraja, kwa watu wa mitandao, ni kifaa kinachounganisha waya mbili au zaidi. Husoma anwani iliyo kwenye kila fremu ya data, kisha huamua iende upande gani au iachwe. Mwaka 1985, Radia Perlman wa kampuni ya DEC nchini Marekani alichapisha kanuni inayoyawezesha madaraja kukubaliana yenyewe ni njia zipi zifungwe, ili fremu zisizunguke bila mwisho. Aliifungua makala yake kwa shairi fupi alilolitunga mwenyewe, na mwaka 1990 kanuni hiyo ikaingia katika viwango vya IEEE. Mwaka huohuo wa 1990 kampuni ya Kalpana ilileta sokoni swichi ya Etheneti yenye milango 7. Swichi ilikuwa daraja lilelile, ila sasa lilikuwa na milango mingi na kazi yake ilifanywa na chipu kwa kasi kubwa.

Linux ilishika njia nyingine. Katika toleo la 2.4, lililotoka mwaka 2001, daraja lilikuwa programu tupu. Kila fremu ilipita kwenye prosesa, ikasomwa, ikaamuliwa. Ulikuwa mwendo wa polepole, lakini ulikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeona haja ya kuitaja: aliyepokea amri ndiye aliyeitekeleza. Ukiambiwa mlango umefungwa, basi umefungwa, kwa kuwa anayekujibu ndiye aliyeshika komeo.

Sifa hiyo ilianza kupotea pale Linux ilipoingia kwenye ruta za nyumbani. Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2002, ilikuwa na milango minne ya waya mgongoni. Baada ya wanaprogramu kugundua kwamba inatumia Linux na kudai haki yao, msimbo wake ulitolewa mwaka 2003, na mwaka uliofuata ukazaliwa mradi wa OpenWrt. Lakini milango ile minne ilikuwa ya chipu ya swichi, na Linux ilikuwa na njia moja tu ya kuifikia chipu hiyo. Fremu iliyotoka mlango wa kwanza kwenda wa pili ilipita ndani ya chipu bila prosesa kujua. OpenWrt ikalazimika kuwa na chombo cha pekee cha kuisemesha chipu, mbali na amri za kawaida za daraja. Nyumba moja ikawa na wenyeji wawili.

Hatua ya kuwapatanisha ilianza mwaka 2008, pale Lennert Buytenhek, mtu yuleyule aliyeliandika upya daraja la Linux, alipoingiza katika kerneli muundo uitwao DSA. Kwa muundo huo kila mlango wa chipu ulionekana kwa Linux kama mlango kamili wenye jina lake. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2014, Jiri Pirko na Scott Feldman walileta switchdev. Hapo ulifanyika uamuzi ambao naona ndio moyo wa historia hii. Wangeweza kubuni seti mpya ya amri kwa ajili ya swichi za chipu. Hawakufanya hivyo. Waliamua kwamba mtumiaji aendelee kutumia amri zilezile za daraja la programu, na chipu ndiyo ijifunze kuliiga. Programu ikawa asili, maunzi yakawa nakala. Na kwa kuwa watengenezaji wengi waliweka siri ya chipu zao, mfano wa kwanza wa wazo hilo uliandikwa kwa ajili ya Rocker, swichi isiyoshikika, iliyoigizwa ndani ya programu ya QEMU.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Nakala inaweza kutofautiana na asili. Chipu ikishapitisha fremu, daraja la programu lazima lijue, lisije likaipitisha mara ya pili. Kwa hiyo fremu ikapewa alama ya kusema kwamba imeshashughulikiwa. Chipu ikijifunza anwani mpya, lazima iijulishe programu.

Gumu kuliko yote lilikuwa swali la kukataa. Daraja la programu linaweza kila kitu lililoandikiwa. Chipu inaweza kile tu kilichochongwa ndani yake. Na kulikuwa na kikwazo cha kiufundi kabisa. Amri ya kubadili alama za mlango hupokelewa wakati kerneli imeshika kufuli, na haiwezi kukaa kusubiri. Chipu nayo mara nyingi husemeshwa kwa njia ya polepole. Kwa hiyo kazi yenyewe huahirishwa kidogo. Mtumiaji anajibiwa kwanza, chipu inaambiwa baadaye, na ikigoma wakati huo, hakuna tena wa kuambiwa. Wabunifu wakagawa jambo hilo mara mbili: kwanza kiendeshi cha chipu kinaulizwa kama kitaweza, bila kusubiri, kisha baadaye kinatakiwa kutenda.

Lakini kiendeshi kiliulizwa kuhusu alama gani? Kulikuwa na orodha fupi: kujifunza anwani, kusambaza fremu zisizojulikana, na chache nyingine. Alama isiyokuwa kwenye orodha ilihesabiwa kuwa ni ya programu peke yake, na kiendeshi hakikuulizwa. Alama ya kutenga milango ilipofika mwaka 2018, haikuandikwa kwenye orodha hiyo. Daraja la programu liliikubali kwa nia njema, likawa tayari kuzuia fremu ambazo halingeziona kamwe, kwa sababu zilikuwa zinapita ndani ya chipu.

Marekebisho yaliingia mwaka 2022, na yalikuwa madogo: alama ya kutenga, pamoja na nyingine mbili, ziliongezwa kwenye orodha. Tangu hapo kiendeshi kisichoijua alama hiyo kinapata nafasi ya kuikataa, na fundi anaona kosa kwenye skrini yake.

Kwa fundi wa gesti, hilo linaweza kuonekana kama hasara. Amri iliyokuwa ikipita jana, leo inagoma baada ya kusasisha kerneli, na ni rahisi kusema toleo jipya limeharibu kitu. Ukweli ni kwamba wageni wake hawakuwa wametengwa jana wala juzi. Sasa anajua, na anaweza kutafuta kisanduku kingine, au kumpa kila mgeni mtandao wake. Sisi tunaosomea kazi hii hupimwa zaidi kwa mambo ambayo programu zetu zinaweza kufanya. Orodha ile fupi inanifanya nitake kuulizwa pia: ikishindwa, inamwambia nani, na inamwambia kabla ya kumjibu ndiyo?