Jinsi mtandao usio na waya ulivyofika Babati

Fungua simu yako ukiwa Bagara, moja ya kata za mji wa Babati, na uitafutie mtandao wa Wi-Fi. Mara itatokea orodha ya majina: gesti ya jirani, duka la dawa, ofisi fulani, simu ya mtu aliyeketi meza ya pili akiwarushia wenzake bando. Kila jina ni redio ndogo inayorusha mawimbi na kusubiri majibu. Miaka ya 1990 ilipokuwa ikiisha, Babati ilikuwa bado mji wa wilaya ndani ya Mkoa wa Arusha, na orodha hiyo haikuwepo. Kuieleza inatubidi kuanzia mbali, katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki.

Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa kisiwani Oahu, na matawi yake yalitawanyika katika visiwa vingine. Kukodi laini za simu za kuvuka bahari kulikuwa ghali, na laini zenyewe hazikutegemeka. Norman Abramson na wenzake wakaamua kutumia redio, na Juni 1971 mtandao wao, ALOHAnet, ukaanza kazi. Tatizo lao halikuwa kurusha mawimbi, kwa kuwa hilo lilikwisha kujulikana tangu enzi za Marconi. Tatizo lilikuwa nani azungumze lini. Jibu lao lilikuwa jepesi kwa namna ya kushangaza: kila mashine itume ujumbe wake ikiwa tayari, na kama hakuna jibu, basi ujumbe umegongana na wa mwingine, kwa hiyo isubiri muda wa kubahatisha kisha itume tena. Mpango huo ulipoteza nafasi nyingi. Hesabu zinaonyesha kwamba kwa utaratibu huo haiwezekani kupata matumizi bora ya zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa masafa. Hata hivyo haukuhitaji msimamizi, na waliofuata waliurekebisha kwa kuongeza sharti moja: sikiliza kwanza, ndipo useme. Sharti hilo ndilo linaloongoza kila ruta iliyoko Bagara leo.

Kizuizi cha pili kilikuwa sheria. Katika nchi karibu zote masafa ya redio ni mali ya umma, na anayetaka kuyatumia huomba leseni. Mwaka 1947 mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City ulitenga vipande vichache vya masafa kwa ajili ya mashine za viwandani, za kisayansi na za tiba, zinazotoa mawimbi bila nia ya kuwasiliana. Kimoja kilikuwa karibu na gigahezi 2.45, mahali ambapo majiko ya maikrowevu hufanyia kazi hadi leo. Kwa wahandisi wa mawasiliano sehemu hizo zilikuwa kama jalala, kelele tupu. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu mtu yeyote kurusha taarifa humo bila leseni, mradi nguvu iwe ndogo na mawimbi yatandazwe katika upana mkubwa ili yasiwasumbue wengine. Wapo wanaosema Wi-Fi ilizaliwa na ufundi, na wapo wanaosema ilizaliwa na uamuzi huu. Mimi naegemea upande wa pili. Ufundi wa kutandaza mawimbi ulikwisha kutumiwa na majeshi kwa miaka mingi, lakini hakuna mfanyabiashara ambaye angetengeneza redio za bei nafuu kwa wateja ambao kila mmoja angelazimika kwenda kuomba kibali.

Mlango ulipofunguliwa, kampuni ziliingia kwa fujo, kila moja na redio zake zisizoelewana na za wengine. Kampuni ya NCR, iliyotaka kuunganisha mashine za kupokelea fedha madukani bila kutandaza nyaya upya kila rafu zinapohamishwa, iliwatuma wahandisi wake wa Uholanzi kutafuta kiwango cha pamoja. Mmoja wao, Vic Hayes, aliongoza kamati iliyoanza kazi mwaka 1990 na kuitwa 802.11. Kiwango cha kwanza kilipitishwa mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kikaja cha megabiti 11, na jina Wi-Fi likabuniwa kwa ajili ya soko.

Turudi nyumbani. Tanzania ya miaka hiyo ilikuwa na kiu ya mawasiliano na nyaya chache. TTCL, iliyozaliwa Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa, ilikuwa na haki ya peke yake ya simu za mezani hadi Februari 2005. Mjini Arusha kundi la wanachama lisilotafuta faida, Arusha Node Marie, lilianza kupeleka barua pepe katika miaka ya 1990. Baadaye lilikuja kuwa Habari Node, mtoa huduma aliyewafikia wateja wake kwa redio. Arusha ilikuwa na wateja wa namna hiyo: kampuni za utalii, mashirika, ofisi za kimataifa. Babati haikuwa nao, ingawa Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 na Babati kuwa makao yake makuu, ofisi ziliongezeka.

Kwa nini basi Wi-Fi haikuenea mara moja katika miji ya aina ya Babati? Maelezo ya kwanza yanayotolewa ni bei ya vifaa. Yana ukweli, lakini hayatoshi, maana bei hiyo iliporomoka mapema katika miaka ya 2000, na antena za kujitengenezea kwa makopo zilikuwa zikifundishwa katika warsha za Afrika nzima. Maelezo ya pili ni umeme, nayo yana uzito zaidi vijijini kuliko mjini. Ya tatu, ambayo naona ndiyo yenye nguvu, ni kile kilichokuwa nyuma ya ruta. Wi-Fi hugawa intaneti, haileti. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini, na karibu kila neno lililotoka nje ya nchi lilipanda kwanza hadi kwenye setilaiti. Megabiti moja iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Mwenye intaneti kafe aliyelipa bili hiyo aliigawa kwa kompyuta kadhaa kwa waya mfupi, na hakuwa na sababu ya kumrushia jirani.

Jaribio moja linathibitisha hoja hii kwa njia ya kinyume. Katikati ya miaka ya 2000, katika wilaya za Bunda na Serengeti mkoani Mara, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ilishirikiana na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm kujenga mtandao wa vijijini. Wajenzi hawakuanza na minara. Walianza kwa kuuliza ni wapi tayari pana fiba isiyotumika, na wakaipata kwenye njia za umeme za TANESCO. Redio zilikuja mwisho, kutoka kwenye fiba kwenda shuleni, hospitalini na halmashauri.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Wakati huohuo Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliokuja kupita kilomita 7,000, na mzunguko wake wa kaskazini ukapitia Manyara. Mwaka 2015 Halotel iliingia sokoni ikiwa imetandaza fiba yake hadi wilayani. Sasa kulikuwa na kitu cha kugawa.

Hapo ndipo kazi ya kubuni mtandao ilipoanza kuwa kazi ya fundi wa mjini, naye alikutana na mambo ambayo vitabu vya ng'ambo huyagusa juujuu. Nyumba nyingi za Bagara zina kuta nene za tofali na paa la bati. Bati huyarudisha mawimbi, na tofali huyanyonya, kwa hiyo ruta iliyowekwa mapokezi ya gesti inaweza isifike chumba cha nne. Dawa si kuongeza nguvu. Simu ya mgeni ina redio dhaifu, na ingawa itaisikia ruta yenye kelele, ruta haitaisikia simu. Dawa ni kuvuta waya kwenye korido na kuweka vituo viwili au vitatu vinavyorusha kwa upole. Vituo hivyo vikiwa katika gigahezi 2.4, fundi huvipa chaneli 1, 6 na 11, kwa sababu chaneli zilizo kati huingiliana.

Kuunganisha majengo mawili yaliyo mbali kunadai jicho jingine. Watu hudhani inatosha kuliona paa la pili. Haitoshi. Mawimbi husafiri yakiwa yamevimba katikati, na kwa kiungo cha kilomita 5 katika gigahezi 2.4, uvimbe huo una nusu-kipenyo cha karibu mita 12. Walau asilimia 60 yake inapaswa kuwa wazi. Mikaratusi ambayo fundi aliipita juu mwaka aliofunga dishi itakua, na mteja ataanza kulalamika kwamba mtandao umechoka bila sababu. Na Babati si tambarare: Mlima Kwaraa umesimama juu ya mji, na yeyote aliye upande wa pili wa mabega yake hawezi kuonwa na antena ya mjini hata kwa dishi kubwa kiasi gani.

Ni milima ya namna hiyo iliyowasukuma wengine kutafuta masafa mengine. Kondoa, yapata kilomita 100 kusini mwa Babati kwa barabara iendayo Dodoma, ilipata mtandao wa jamii ulioongozwa na Jabhera Matogoro, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa msaada wa Internet Society. Hesabu yao ilianzia kwenye televisheni. Mwisho wa mwaka 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, na hata kabla ya hapo vijijini palikuwa na chaneli nyingi za televisheni zisizo na kituo. Mawimbi hayo, yaliyo chini ya megahezi 700, hupenya miti na kupinda kidogo juu ya vilima, jambo ambalo gigahezi 5, masafa mengine ya Wi-Fi, haziwezi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliruhusu yatumike kwa majaribio. Kutoka kwenye kifaa cha kupokelea hadi kwenye kompyuta za darasani, hata hivyo, ilikuwa ni Wi-Fi ileile ya kawaida. Jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua zaidi kisheria mwaka 2021 kwa kuweka utaratibu maalumu wa leseni za mitandao ya jamii.

Bagara ya sasa ina tatizo ambalo Abramson angelitambua mara moja. Redio zimekuwa nyingi. Simu zenye bando zimefanya kila mfuko kuwa kituo cha kurushia, na zote zinasubiriana katika zile chaneli tatu. Kifaa kimoja cha zamani kinachozungumza kwa megabiti 1 huchukua hewani muda ambao cha kisasa kingetumia kupeleka mara nyingi zaidi, na wengine wote hungoja. Kiwango cha mwaka 2021, kinachouzwa kwa jina la Wi-Fi 6, kiliandikwa mahsusi kwa msongamano: ruta hugawa zamu badala ya kuacha kila mmoja abahatishe. Faida yake huonekana pale vifaa vingi vinapokuwa vya kiwango hicho, na madukani ruta za 2.4 tupu bado ndizo za bei ya chini. Kwa hiyo mafundi wengi kwa sasa huchukua njia ya kati: wanahamishia simu mpya na kompyuta kwenye gigahezi 5, ambako nafasi ni pana na ukuta wa tofali huzuia mawimbi ya jirani, na wanaziachia 2.4 simu za zamani na kamera za ulinzi.