Bima Imekuruka Baada ya Maji Kujaa Kwa Keja? Hivi Ndivyo Unaweza Kupigania Doh Yako

Msee wa Nairobi anaijua hii story. Maji yamepotea mtaani siku tatu. Unafungua bomba la jikoni uone kama kuna kitu, hakuna, unaliacha hivyo unaenda shifti ya usiku. Saa nane maji yanarudi. Ukifika keja asubuhi, kapeti inaelea, sofa imekunywa maji mpaka ikashiba, wufa iliyokuwa sakafuni imezima, na jirani wa chini anakungoja kwa ngazi akiwa amefura.

Afadhali wewe uko na bima, si ndio? Unatuma dai ukiwa umetulia. Wiki kadhaa baadaye imeili inaingia. Mistari minne tu: dai lako limekataliwa.

Wengi wakifika hapo wanaitukana kampuni mtandaoni, wanasema bima ni ukora, halafu wanasahau. Usifanye hivyo bado. Ile barua ni msimamo wa kampuni, sio hukumu ya korti. Na msimamo huo lazima uegemee kifungu fulani cha mkataba wako. Kazi yako ni kujua ni kifungu gani, halafu kukijibu kwa ushahidi na kwa maandishi.

Kwanza, jua ni bima ya nani

Bima ya nyumba Kenya huuzwa kama pakeji moja yenye sehemu kadhaa. Sehemu moja ni ya jengo lenyewe: kuta, dari, paipu. Nyingine ni ya vitu vya ndani: sofa, tivi, nguo, vyombo. Kuna ya vitu unavyotembea navyo kama laptopu, na kuna ya hasara unayomletea mtu mwingine.

Kama wewe ni mpangaji, jengo ni la landilodi. Bima yake haitakununulia tivi mpya. Na kama ni wewe umemwagia jirani wa chini, angalia ile sehemu ya hasara kwa wengine. Usimwahidi pesa wala kukubali lawama kwa WhatsApp kabla ya kuongea na kampuni yako, kwa sababu mikataba mingi inakataza hiyo.

Sababu wanazopenda kutumia

*Maji yalikuwa yanavuja polepole.* Hii ndiyo maarufu. Bima hulipia ajali ya ghafla, kama paipu kupasuka au tangi kufurika. Ukuta ulioloa pole pole miezi sita huhesabiwa kuwa uchakavu. Kama kwako ilikuwa ghafla, ripoti ya fundi aliyeifungua hiyo paipu ndiyo silaha yako. Aandike alikuta nini: ufa mpya, kiungo kilichoachana, ama kutu ya zamani. Picha za ukuta huo kabla ya ajali zitasaidia pia, hata kama ulikuwa unapiga selfi tu.

*Keja ilikuwa tupu.* Mikataba mingi inaweka idadi ya siku ambazo nyumba ikikaa bila mtu, bima ya maji inasimama. Soma yako ni siku ngapi. Kama ulikuwa umeenda ushago wikendi tu, tiketi za basi, tokeni za stima na rekodi ya geti zitaonyesha hivyo.

*Ulizembea.* Hapa ndipo msee wa bomba wazi anapigwa. Mkataba unakutaka uwe mwangalifu, ni kweli. Lakini kusahau ni kitu kimoja, kujua hatari ipo na kuipuuza ni kingine. Watu hununua bima kwa sababu binadamu husahau. Waulize kwa maandishi: ni kifungu gani kinaondoa maji yaliyofurika kwa sababu bomba lilisahauliwa? Kama hakipo, waambie hivyo.

*Ulichelewa kuripoti.* Mkataba unaweza kutaka uripoti mara moja ama ndani ya siku fulani. Kama ulimpigia ejenti siku hiyo hiyo, toa rekodi ya simu na meseji.

*Ni mafuriko, sio paipu.* Maji ya mto ama mvua yanayoingia kwa mlango yana kifungu chake, tofauti na ya paipu. Baada ya mvua kali za Aprili na Mei 2024, kila mtu aliona jinsi mto unaweza kuingia sebuleni. Kama mkataba wako una mafuriko, tumia video za mtaa za siku hiyo. Idara ya Hali ya Hewa pia huweka rekodi za mvua.

Kabla hujajibu, fanya haya

1. Omba mkataba mzima, sio ile karatasi moja ya muhtasari. Unataka masharti, mambo yasiyolipiwa, na viambatisho vyote.
2. Omba barua ya kukataliwa itaje kifungu kwa nambari. Kama ulipigiwa simu tu, sema unataka barua.
3. Omba nakala ya ripoti ya asesa. Ukiipata, angalia kama aliandika mambo hata hukusema, ama kama aliruka chumba kizima.
4. Usitupe vitu vilivyoharibika. Vianike, vipige picha, viweke kando. Kama lazima vitoke kwa sababu vinanuka, waandikie kwanza uwape nafasi ya kuviona.
5. Tengeneza orodha: kitu, mwaka ulinunua, bei, ushahidi. Risiti ikipotea, tafuta meseji ya M-Pesa, picha ya siku ulipokileta, ama boksi lake.

Andika pia mpangilio wa saa: maji yalirudi saa ngapi, uliona saa ngapi, ulimpigia nani kwanza. Tangazo la ratiba ya maji la mtaa wako likionyesha yalikuwa yamekatwa, liweke hapo. Fanya hivi ungali unakumbuka.

Barua yenyewe iwe hivi

Usitukane, usilie sana. Barua fupi inayojibu kifungu ina nguvu kuliko kurasa nane za hasira. Mfano:

"Kwa Meneja wa Madai. Dai nambari (weka yako). Barua yenu ya tarehe (weka) inakataa dai langu kwa msingi wa kifungu (nambari), kwamba maji yalivuja polepole. Sikubaliani. Paipu ya jikoni ilipasuka usiku wa tarehe (weka). Nimeambatanisha ripoti ya fundi inayosema kiungo kiliachana ghafla, picha 14, na rekodi ya simu niliyompigia ejenti wenu saa 12:40 asubuhi hiyo. Naomba mlipitie dai hili upya na mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Kama bado mnakataa, nielezeni ni ushahidi upi mmetegemea."

Tuma kwa imeili, halafu peleka nakala ofisini wakugongee muhuri wa kupokea. Kama ulinunua kupitia broka, mtumie nakala. Broka ni mtu wako, na unaweza kumtaka akusukumie.

Wakikataa tena?

Nenda kwa mamlaka inayodhibiti kampuni za bima, IRA. Ofisi ziko Zep-Re Place, Longonot Road, Upper Hill, na malalamishi pia hupokewa mtandaoni. Hulipi kitu. Beba mkataba, barua ya kukataliwa, barua yako na ushahidi. Wataiandikia kampuni wakitaka majibu, na kampuni inayotegemea leseni yao haitachukulia hiyo barua kama meseji yako ya WhatsApp.

Hapa kuna kitu watu huchanganya. Sheria ya Bima, Sura ya 487, kifungu cha 203, inaongea kuhusu kulipa ndani ya siku 90 tangu dai liripotiwe. Lakini hiyo inahusu dai ambalo kampuni imekubali inawajibika, ama korti imeamua hivyo. Kama wamekataa, siku 90 hazikulipi zenyewe. Lazima kwanza ubomoe ile sababu yao.

Hatua inayofuata inategemea mkataba. Mingi ina kifungu cha usuluhishi, yaani mzozo uende kwa msuluhishi kabla ya korti. Na hapa ndipo watu huchomeka: baadhi ya mikataba inasema ukikaa miezi 12 baada ya kukataliwa bila kuanza usuluhishi, dai limekufa. Kisheria kesi ya mkataba ina miaka 6, kwa hivyo msee anajiambia ako na muda, kumbe mkataba ulishamfungia mlango. Tafuta hicho kifungu leo na uweke tarehe kwa kalenda ya simu.

Kwa upande wa korti, Korti ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Muulize karani kwanza kama dai lako linaingia hapo. Hasara ikiwa kubwa zaidi, tafuta wakili.

Mitego ya kukwepa

Kampuni ikikuambia itakulipa nusu, soma fomu kabla ya kusaini. Ikisema hayo ni malipo ya mwisho na hutadai kingine, ukishasaini ni kama umefunga faili mwenyewe.

Usiongeze tivi ambayo hukuwa nayo. Uwongo mmoja unaweza kukunyima hata yale ya ukweli, na ni ulaghai unaoweza kukupeleka kotini kama mshtakiwa.

Na kama uliwaambia vitu vyako ni vya 200,000 ndio ulipe kidogo, kumbe ni vya 400,000, usishangae wakikulipa nusu ya hasara. Mikataba mingi inaruhusu hesabu hiyo, na hapo kupigana ni ngumu. Pia kuna kiasi cha kwanza ambacho huwa ni cha mfuko wako kwa kila dai. Kitoe kwa hesabu yako kabla hujalia umeibiwa.

Kuna wakati utasoma kile kifungu na ukute kampuni iko sawa. Inauma, lakini angalau umejua, na ukinunua bima nyingine utajua cha kuuliza. Kama hawako sawa, usiwaachie. Umelipa hiyo bima mwaka mzima ukijinyima, na wao wanajua wengi hawajibu ile barua ya kwanza. Jibu yako.